Kwa Spoku Hatuulizani Majina

Ukitoka soko la Kitale kwa upande wa wauza viatu vya mtumba, ukaingia uchochoro wa pili, utakuta benchi refu lililotupwa na kanisa baada ya kuvunjika mguu mmoja. Mguu huo siku hizi ni jiwe. Nyuma ya benchi kuna kibanda cha fundi wa baiskeli, mbele yake kuna jiko la mama muuza kahawa, na katikati kuna watu wasio na haraka ya kwenda popote. Pahali hapa panaitwa kwa Spoku, ingawa hakuna anayekumbuka Spoku mwenyewe alikuwa nani, na hilo peke yake lingetosha kuwaonya watu hao. Ilikuwa mwisho wa Agosti, mwaka wa 2009. Serikali ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza kuhesabu watu nchi nzima, mvua ya mchana ilikuwa imekatika, na kahawa ya tangawizi ilikuwa imechemka tayari. Kila mtu alikuwa mahali pake isipokuwa kijana mmoja aliyeitwa Kamusi. Baiskeli yake nyeusi ndiyo iliyokuwa pale, imeegemezwa ukutani bila mwenyewe.

Fundi aliitwa Ringi. Alikuwa kijana mwembamba, mikono myeusi kwa grisi hadi viwikoni. Tangu mchana alikuwa akiziba pancha ileile moja, anapaka solusheni, anabandua kiraka, anapaka tena, macho yako njiani. Alikuwa akimngoja muuguzi. Asubuhi alikwenda hospitali kumtafutia Kamusi msaada, na muuguzi akamwambia: nikitoka kazini nitakupitia kibandani kwako, unipeleke kwake. Ringi akajibu "sawa, sista" kwa sauti ya mtu anayejua anakokwenda. Wapi! Amekaa na Kamusi bega kwa bega miaka yote hiyo na nyumba yake haijui. Alijipa moyo kwamba kwenye benchi lile hatakosekana mtu anayeijua. Kazi ilikuwa kuwatoa neno hilo bila kuuliza, maana kwa Spoku kumuuliza mtu anakaa wapi ni kosa kubwa kuliko kumkanyaga mguu.

— Huyo kijana amepata pikipiki, — alisema Bajeti.

Bajeti alikuwa karani mstaafu wa serikali kutoka Bungoma, mwenye koti la kahawia na kofia yake. Jina hilo alilipata kwa kuwa hakuna jambo, hata liwe la kuku kupotea, ambalo hakulifikisha bungeni.

— Pikipiki gani, mzee? — aliuliza Ringi.

— Hizi za Kichina. Mutu akipata pikipiki, baiskeri ya nini? Anaachia fundi, anaenda zake. Na munaona vire amenyamaza? Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo ni ile ekzosi. Ngojeni tu, mutamusikia akikuja.

— Kamusi hana pesa ya pikipiki.

— Wewe urihesabu mufuko wake?

— Si pikipiki, — alidakia Pasta Nusu. — Ni kichwa.

Pasta Nusu aliuza viatu vya mtumba. Zamani alisomea uchungaji na akaacha katikati, kwa sababu anazozieleza kila mara kwa namna nyingine.

— Mliona alinyoa kipara mwezi jana? Akili ni nywele. Biblia imesema.

— Biblia haijasema hiyo, — alisema mama muuza kahawa, ambaye wote walimwita Birika.

— Mama, wewe mimina kahawa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Yeye zake amewachia kinyozi. Sasa mlitarajia nini, bana?

Bajeti alicheka hadi kahawa ikamwagikia koti. Birika naye alitabasamu. Ringi hakucheka. Alikuwa anaitazama ile baiskeli.

Jumamosi iliyopita Kamusi alikuwa amekuja jioni wengine wakiwa wameshaondoka. Aliiegemeza baiskeli ukutani, akampa Ringi ufunguo wa kufuli na pampu. "Kaa nayo," akasema. "Mpaka lini, buda?" "Kaa nayo tu. Akitokea mtu anaihitaji, mpe." Kisha, akitazama chini, akauliza: "Ringi, mtu akiwa amechoka kulala, na amechoka kuamka, huwa anafanya nini?" Ringi akasema gurudumu la nyuma linataka valvu mpya. Kamusi akatikisa kichwa kwa upole. "Umekuwa rafiki mzuri kwangu," akasema, akaenda zake kwa miguu. Mtu husema maneno hayo akiaga. Ringi aliyaelewa akiwa kitandani, na tangu hapo usingizi ulimhama. Simu ya Kamusi nayo ilikuwa imezimwa. Kila akipiga anaambiwa na yule dada wa mashine kwamba mteja hapatikani kwa sasa.

— Mzee, — alisema Ringi, akijitia anapiga msasa mpira, — jioni si huwa mnaenda na Kamusi njia moja?

— Njia ni ya serikari. Kira mutu anapita.

— Hapana, nauliza tu. Ako upande gani?

Birika aliacha kumimina kahawa. Hata jiko lilisikika linavyotafuna makaa.

— Unauriza nini, Ringi? — Bajeti aliweka kikombe chini. — Unauriza mutu kwake?

— Si kwake. Upande tu.

— Upande ndio huanza. Upande, harafu mutaa, harafu jina, harafu baba yako aritoka wapi na nani arimupea shamba. Wewe kati ya watu wote! Umesahau?

Ringi hakuwa amesahau. Angesahauje? Ilikuwa Januari ya mwaka uliopita, baada ya kura, moshi ukipanda pande zote za mji. Vijana wenye mapanga waliingia uchochoroni na kusimama mbele ya benchi hili hili. Wakataka majina, mmoja baada ya mwingine, kwa maana huku kwetu jina likishatajwa, babu yako naye amekwisha kutajwa, na kabila lake. Birika ndiye aliyejibu, birika la moto mkononi. "Hapa kuna Ringi, Bajeti, Pasta Nusu na Kamusi. Mnamtaka nani?" Wale vijana wakaangaliana, mmoja akacheka, wakaenda kutafuta majina pengine. Usiku ule watu wa benchi walikubaliana kwamba majina ya nyumbani yatabaki nyumbani. Tangu hapo hakuna aliyeuliza wala kujibu. Fundi alikuwa hai kwa sababu ya majina yale ya benchi, na sasa ndiye aliyekuwa akiipekecha sheria ile.

— Sijasahau, mzee, — alisema. — Nauliza kwa sababu hajaonekana.

— Ataonekana. Kenya hii siku hizi hakuna mutu anapotea. Si tumehesabiwa juzi? Tena ngoja. — Bajeti aliinua kidole. — Ngoja! Hesabu yenyewe ndiyo shida. Yure karani wa kuhesabu arimukuta kwake, harafu akamukuta tena mahari pengine. Sasa Kamusi ako mara mbiri kwa kitabu ya serikari. Wamejumrisha, wamepata mutu mumoja amezidi. Lazima mumoja apunguzwe. Wamemuita Nairobi kusahihisha.

— Mzee, hiyo ni uongo ya mchana, — alisema Birika.

— Penye wazee haliharibiki neno! — alisema Bajeti.

— Mimi nitawaambia ukweli, — Pasta Nusu alisogea mbele, akashusha sauti. — Waabudu shetani. Msicheke. Wanataka vijana wenye maneno magumu, waliosoma. Na ukitaka kuingia, lazima utoe kitu yako ya magurudumu mawili. Ya magurudumu manne ni ya wakubwa. Niliambiwa na mtu aliponea dirishani.

— Dirisha gani?

— Mama, hiyo si muhimu.

— Na wakishatoa magurudumu wanapewa nini? — aliuliza Bajeti, ambaye sasa alianza kuvutiwa.

— Wanapewa simu. Simu ikipigwa na namba nyekundu, ukishika tu, kwisha. Kwani Kamusi simu yake inashika? Haishiki! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndiyo sababu hata baiskeli hawezi kanyaga.

Ringi alitupa msasa chini.

— Wachana na hii story, Pasta. Nauliza tena. Nani anajua kwake?

— Na wewe kwa nini unauliza uliza? — Pasta Nusu alimgeukia na kumkazia macho. — Unataka tufungue mdomo? Asubuhi nimekuona.

— Wapi?

— Unajua wapi. Hospitali. Kwa mlango wa VCT. Umekaa kwa foleni umejificha na gazeti, na gazeti yenyewe umeishika juu chini.

Wakati ule kila mtu alijua mlango huo ni wa nini. Mtu aliingia hapo kupimwa damu, kujua kama anavyo virusi au hana, na akitoka watu walimsoma usoni kabla hajafika getini. Bajeti alinyoosha mkono polepole, akakiondoa kikombe chake karibu na kikombe cha Ringi. Ringi aliona, na kitendo hicho kilimuuma kuliko tusi.

— Mficha maradhi, kifo humuumbua, — alisema Pasta Nusu kwa sauti ya mimbarini. — Sema tu. Sisi ni ndugu.

— Sikuenda kwa ajili yangu. Nilienda kwa ajili ya Kamusi.

— Yesu! Kumbe ni nyinyi wawili!

— Pasta! — Birika aligonga kifuniko.

— Hakuna mlango mwingine! — Ringi alikuwa amesimama, na sauti ilikuwa imempanda bila yeye kutaka. — Mnasikia? Nimezunguka hospitali nzima. Nimemuuliza askari wa getini, mtu akiumwa na roho anapelekwa wapi? Akaniuliza, anatupa mawe? Nikamwambia hapana. Anavua nguo barabarani? Hapana. Anafanya nini basi? Nikamwambia, ananyamaza. Akacheka. Ati mtu wa kunyamaza si mgonjwa, huyo ni jirani mzuri. Kibao kimoja tu kimeandikwa ushauri, na ni hicho cha VCT. Ndiyo nikakaa hapo. Nikaingia, sista akashika sindano, nikamwambia si damu, sista, ni rafiki yangu. Nilidhani atanifukuza. Akaweka sindano chini, akasema hii kazi yangu ni ya damu, lakini kaa, sema.

— Ukasema nini? — aliuliza Birika.

Ringi akawaambia. Akawaambia habari ya ufunguo na pampu, na lile swali la mtu aliyechoka kulala na kuamka. Akawaambia hata ya valvu, ingawa hiyo angeweza kuiacha. Akamaliza, akabaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi.

— Hiyo ni dhambi kubwa, — alianza Pasta Nusu. — Mtu akijitoa...

— Nyamaza, — alisema Birika. Hakupaza sauti, na Pasta Nusu alinyamaza.

— Vijana wa siku hizi wanataka kubemberezwa, — alisema Bajeti, lakini alilisema bila nguvu, kama mtu anayesoma hotuba ya mwingine. — Sisi turichoka pia. Turirima, turisoma na njaa. Nani arituuriza kama tumechoka?

Mzee akakishika kikombe chake kwa mikono miwili, akakitazama ndani.

— Mutoto wa ndugu yangu, — akasema. — Huko Kimiriri. Arikuwa anasomea kirimo pare Mabanga. Arianza hivi hivi. Akapeana viatu vyake, akapeana redio. Sisi tukasema, huyu mutoto ana roho nzuri, anagawa vitu.

— Halafu? — aliuliza Ringi.

— Kwa mazishi turisema ni mararia.

Bajeti alikunywa kahawa iliyokuwa imepoa. Kisha akakirudisha kikombe benchini, mahali pale pale kilipokuwa mwanzo, kando ya kikombe cha Ringi.

Hapo ndipo alipoingia mwanamke mmoja uchochoroni, sweta ya buluu juu ya sare nyeupe, viatu vimejaa matope. Aliwatazama wote, akamtambua Ringi.

— Hamjambo? Poleni kwa kuwakatiza. Mimi naitwa Rosaline, natoka hospitali.

Alilitaja jina lake hadharani namna hiyo, na watu wa benchi walitazama pembeni kana kwamba amevua kitambaa kichwani mbele yao.

— Karibu, sista, — alisema Birika. — Kahawa?

— Asante, mama, nitakunywa siku nyingine. Sitaki giza litukute njiani. — Akamgeukia Ringi. — Umejaribu simu yake tena?

— Imezimwa, sista.

— Sawa. Twende basi. Kijana wetu anaitwa nani?

— Kamusi.

— Hilo ni la mtaani. Jina lake?

Ringi aliinama kuuokota ule msasa.

— Nauliza kwa sababu tukifika tutaanza na majirani, — alisema Rosaline. — Siwezi kuuliza Kamusi. Anaitwa nani, na anakaa wapi?

Swali lenyewe ni la mtoto wa chekechea. Makarani wa serikali walikuwa wameliuliza kila mlango wiki iliyopita, na kila mlango ulijibu. Kwa Spoku lilikaa juu ya benchi, na hakuna aliyeligusa.

— Mzee anajua, — alisema Ringi hatimaye.

— Mimi? — Bajeti alishtuka. — Mimi najua ya wapi? Huniacha pare njia panda. Mimi nirijua ni Pasta. Si huwa anakunywanga chai kwako, Pasta?

— Kwangu? Hajawahi kukanyaga kwangu. Mimi nilijua ni mama. Huwa wanaongea sana na mama.

— Tunaongea mambo ya tangawizi! — alisema Birika. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. — Nilijua ni Ringi. Ringi ndiye rafiki yake.

Wote wakamtazama Ringi, naye hakuwa na mtu mwingine wa kumtazama. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Watu wanne walikuwa wamemwachia mwenzao kumjua Kamusi, kila mmoja akilala usingizi mzito kwa kuamini mwingine yuko macho.

Rosaline hakuwalaumu. Alikaa benchini, mahali pa Kamusi, bila kujua ni pa nani.

— Basi niambieni mnachokijua, — alisema. — Chochote. Hata kiwe cha upuzi.

Birika akapangusa mikono kwa leso.

— Mandazi, — alisema. — Akinunua, anakula nusu. Nusu nyingine anaweka mfukoni. Nilimuuliza, akasema ni ya mbwa wa pale kwao. Mbwa ana miguu mitatu.

— Mimi ananiacha pare njia panda ya Matisi, — alisema Bajeti. — Kwa posho mill, pare wanasaga mahindi. Anakata kushoto.

Pasta Nusu alikuwa akitazama viatu vyake.

— Kuna kanisa karibu naye, — alisema polepole. — Lenye spika kubwa. Aliniambia Ijumaa kesha haimwachi alale. Aliniomba niongee na wao, ati mimi ni mtu wa Mungu wanaweza kunisikia. Nilimkemea. Nilimwambia anayechukia sauti ya maombi ajiulize anamwogopa nani.

Hakuna aliyemsema vibaya. Alikuwa ameshajisema mwenyewe.

Ringi alikwenda kwenye baiskeli. Aliinama, akapitisha kidole chini ya madigadi ya nyuma, lile bati la kukinga matope, mahali alipokuwa amepaosha mara nyingi akinung'unika. Kidole kilitoka na udongo mwekundu, mzito, wenye majivu ndani yake.

— Hii ni ya wachoma matofali, — alisema. — Kila siku alikuja nayo.

— Twende, — alisema Rosaline.

Birika alifunga nusu ya andazi kwenye leso, akainua birika lake, akalitazama, akamwaga kahawa yote juu ya makaa. Moshi wa tangawizi ukajaa uchochoroni. Wauza viatu walichungulia kuona kumetokea nini, maana benchi lile halikuwa limeachwa tupu kabla ya jua kuzama tangu siku za mapanga. Bajeti alitembea mbele na fimbo yake, hakufungua mdomo hata kidogo kuhusu serikali, na aliyemjua angeogopa kwa hilo tu.

Walikata kushoto kwa posho mill. Njia ilishuka, ikawa nyembamba, matope yakawa mekundu. Waliyapita matanuri ya matofali, moja likifuka. Kanisa la mabati lilikuwa pale, spika mbili juu ya mlingoti. Nyuma yake kulikuwa na ploti ya vyumba vya mabati vilivyopangana, kila mlango na namba yake ya chaki iliyoachwa na wahesabu watu. Mbwa wa miguu mitatu alikuwa amelala langoni. Birika alipomwona alishika mdomo.

— Kamusi! — aliita Pasta Nusu. — Kamusi!

Mwanamke aliyekuwa akianua nguo alitoka nyuma ya kamba.

— Mnatafuta nani? Hapa hakuna mtu anaitwa hivyo.

— Kijana mrefu, mama, — alisema Ringi. — Mpole. Amenyoa kipara.

— Aah. Yule wa mlango wa mwisho. Jina silijui, ni mtu wa salamu tu. Huyo amesafiri, hajafungua tangu juzi.

— Una hakika amesafiri?

Mwanamke akasita. Aliutazama mlango wa mwisho, kisha nguo mikononi mwake.

— Kufuli haiko nje, — alisema, kana kwamba ndiyo kwanza anagundua kwamba mlango umefungwa kwa ndani.

Rosaline alimshika Ringi mkono.

— Bisha wewe, — alimwambia kwa sauti ya chini. — Sauti yangu haijui. Usimhubirie, usimgombeze, usimuulize kwa nini. Mwite tu. Akinyamaza, nitasema mlango uvunjwe.

Ringi akaenda. Alibisha. Nyuma yake Pasta Nusu alianza kuomba kwa sauti, akasita mwenyewe, akaendelea moyoni. Ringi akabisha tena, sasa kwa kiganja kizima, mabati yakalia ploti nzima. Mbwa aliinuka. Bajeti alikuwa amevua kofia, na Ringi alitamani amwambie airudishe kichwani, kwa nini aivue, hapa hakuna msiba.

Alibisha mara nyingine.

— Ni nani?

Sauti ilikuwa ndogo, kavu, ya mtu ambaye hajaongea kwa muda mrefu. Birika alikaa chini palepale kwenye matope. Ringi aliegemeza paji la uso kwenye bati na akajikuta analia. Alitaka kujibu "ni Ringi". Jina lilikuwa tayari ulimini. Lakini Ringi ndiye aliyeulizwa swali siku ya Jumamosi akajibu habari za valvu, na Ringi ndiye ambaye kwa miaka yote hakujua mlango huu uko wapi. Akatazama nyuma, akawaona wote wanamtazama, na mwanamke wa nguo, na majirani waliokuwa wakianza kutoka.

— Ni Nderitu, — alisema kwa sauti iliyosikika hadi langoni.

Ndani kitanda kikalia.

— Nderitu simjui mimi.

— Najua. Fungua umjue.

Kisha nyuma yake mzee akakohoa, akapiga hatua mbele, kofia mkononi.

— Na Wepukhulu, — alisema Bajeti. — Mwambie na Wepukhulu ako hapa.

— Na Nabwile, — alisema Birika kutoka chini. — Mwambie nimeleta ile nusu ya mandazi.

Komeo likakwaruza mara moja, likasimama, kisha likaanza kuvutwa.